Mshauri wa biashara za anga anataka laki tatu na nusu. Tumpe?

SWALI: Assalam aleikum. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mambrui, tuna shamba la ekari nne upande wa kuelekea Ngomeni. Kuna bwana ametujia, ajiita mshauri wa biashara za anga za mbali. Asema roketi zitarudi Ngomeni, na kwa vile tuko karibu na ikweta, kampuni za nje zitakimbilia huku. Atatuandikia upembuzi yakinifu na kutuombea leseni ya kuzihudumia kampuni hizo kwa chakula na usafiri. Ataka shilingi laki tatu na nusu, nusu yake mbele. Bei hiyo ni ya haki?

JIBU: Waaleikum salaam. Bei iacheni kwanza. Kuwapikia wafanyakazi na kuwasafirisha hakuna leseni ya anga. Kunataka karatasi za kawaida kama leseni ya biashara ya Kaunti ya Kilifi, vyeti vya afya vya wapishi na cheti cha KRA kwamba mko sawa na kodi. Kijana yeyote wa saiba pale Malindi atawajazia fomu hizo kwa bei ya chai.

Sasa hiyo ikweta. Naisikia kila siku ya Mungu, na mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kupiga hesabu yake. Dunia inajizungusha, na penye ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa takribani mita 465 kwa sekunde. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki huupata mwendo huo bure. Ni kweli. Lakini ili setilaiti ikae kwenye mzingo wa chini inahitaji mwendo wa mita 7,800 hivi kwa sekunde. Cape Canaveral kule Marekani wanapata kama mita 409, Ngomeni 464. Kourou, uwanja wa roketi wa Guyana ya Ufaransa, wanapata 463. Yaani tunawashinda Kourou kwa mita moja, na wao wana barabara, bandari, matangi ya mafuta ya roketi na wateja wa miaka mingi.

Tena setilaiti nyingi ndogo za kupiga picha za dunia haziendi mashariki. Zinapita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini, ili zipite juu ya mahali pamoja saa ile ile ya mchana. Kwa mzingo huo, msukumo wa ikweta hausaidii kitu. Tazameni setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1. Ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, ikiwa abiria mmoja kati ya wengi waliogawana nauli. Kenya iko juu ya ikweta, na bado ilikwenda kupandia gari huko.

Na roketi si jambo geni hapa. Ya kwanza kubeba setilaiti iliruka kutoka kwenye jukwaa la San Marco, ndani ya Ghuba ya Ungwana, Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaruka Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa utafiti wa miali ya eksirei kutoka angani. Ya mwisho ilikuwa 1988. Ikweta haijahama tangu mwaka huo. Kilichokosekana ni mteja, na roketi yenyewe, kwani Scout iliyokuwa ikitumika ilikuwa ndogo na ilistaafishwa.

Kituo hakikufa lakini. Wataliano waliokianzisha wanaendelea na kazi ya antena: kusikiliza setilaiti na kupokea data zake. Hapo ndipo ikweta ina faida ya kweli, maana setilaiti zinazozunguka karibu na mstari huo zinapita juu yetu tena na tena. Swift na NuSTAR, darubini za angani za NASA, shirika la anga la Marekani, zimekuwa zikishusha data zao Malindi. Kazi ya namna hiyo inataka umeme usiokatika, intaneti, mafundi wa jenereta na viyoyozi, walinzi, na ndiyo, wapishi. Lakini ni watu wachache, na zabuni zake zinatangazwa. Hazipitii mkobani mwa mtu.

Mshauri wa kweli angeanza na swali linalouma: nani atawalipa, na kwa sasa anamlipa nani? Angewaambia pia kwamba ruhusa ya kurusha roketi si karatasi ya kufuatilia ofisini kwa kujuana. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi ambayo roketi imerushwa kutoka ardhi yake hulipa hasara ikiangukia watu chini, hata kama haina kosa. Mliona ile pete ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Desemba 2024. Serikali haitoi sahihi ya mzigo kama huo kwa sababu dalali ameandika barua nzuri.

Nimeletewa upembuzi mmoja wa watu hawa. Jalada linang'aa, picha za roketi kurasa tatu. Sura ya hali ya hewa inasema upepo wa Malindi unatoka Bahari ya Atlantiki. Kusi hakuna, kaskazi hakuna. Walionunua walikuwa wameshauza mbuzi.

Kama mnaitaka biashara ya anga kweli, picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za dunia, ni za bure, zinaonyesha hadi mita 10, na zinarudi kila baada ya siku tano hivi. Mikoko ya Ngomeni, mabwawa ya chumvi na mashamba ya Magarini yote yamo humo. Kijana mmoja wenu akijifunza kuzisoma, kuna mashirika ya mazingira na wakulima wakubwa wa kuuziwa ripoti. Hapo mshauri wa kuwafundisha anastahili kulipwa, kwa siku, baada ya kazi.

Huyo wenu mwambieni awaonyeshe mteja mmoja aliyepata zabuni kupitia kwake, mumpigie nyie wenyewe. Na wote wa pwani mnaosoma hapa: wakija hawa, huomba pia hatimiliki "ya kuambatanisha". Msitoe asili wala nakala. Na nyie wa Mambrui, kama kikundi chenu kimeshatoa, nendeni ofisi ya ardhi Kilifi wiki hii mkafanye sachi ya hiyo ekari nne, mjue kama bado iko kwa jina lenu.