Taa Inawaka, Lakini Je, Inaua Vijidudu?

Kwa miaka kadhaa nilisimamia ufungashaji katika jiko linalopika milo ya ndege. Siku moja maabara ikatuletea majibu ya trei tulizokwisha kuzipitisha kwenye taa za urujuanimno (UV), zile za kuua vijidudu: bado zilikuwa na bakteria. Nilibisha. Taa si zinawaka, buluu kama kawaida? Nikamshuku hata mchukua sampuli kwamba kashika pamba yake kwa mkono mchafu.

Makosa yalikuwa yetu, tena mawili. Kwanza, ile buluu tunayoiona siyo inayoua. Muuaji ni miale ya nanometa 254 hivi, ambayo jicho haliioni, na nguvu yake hufifia kadiri taa inavyozeeka huku buluu ikibaki palepale ikikudanganya. Taa zetu zilikuwa zimevuka saa alizoweka mtengenezaji, na hakuna aliyekuwa akizihesabu. Glasi inayozikinga nayo ilikuwa na utando wa mafuta ya jikoni. Pili, zamu ya usiku walikuwa wakizipanga trei zikilaliana ili kazi iishe upesi. Miale hii huenda moja kwa moja. Penye kivuli haifiki. Pembe ya trei, mkunjo wa foili, tone la mchuzi lililokauka: hapo kijidudu kinajificha salama salimini.

Ndiyo maana nasema osha kwanza, kausha, ndipo utakase. Mashine yoyote ya kutakasa inayopewa uchafu itakuangusha.

Wauzaji wa mashine watakuja na ile ahadi yao ya kuua asilimia 99.9 ya vijidudu. Inapendeza masikioni, lakini penye bakteria milioni moja inabakiza elfu moja. Muulize alipima kwenye plastiki au kwenye foili, taa ikiwa umbali gani, mkanda unaobeba trei ukienda kwa kasi gani. Kisha mwambie ajaribu kwa trei zako mwenyewe, mbele yako. Mmoja wao aliaga mapema siku hiyo.

Haidrojeni peroksaidi, dawa ya maji ya kutakasa, ni habari nyingine. Viwanda vya maziwa na juisi za boksi huitumia ikiwa na nguvu ya asilimia 35 hivi, pamoja na joto, na inaua hata spora, yaani bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu linalostahimili mengi. Ikishavunjika huwa maji na oksijeni, ila lazima ipulizwe hewa ya moto mpaka ikauke, na mabaki yapimwe. Usimpe mtu mashine hiyo bila mafunzo na miwani ya kinga. Taa za urujuanimno pia huunguza macho na ngozi, kwa hiyo mlango ukifunguka zijizime zenyewe.

Sasa, kuna jambo lililonipunguzia imani na mashine zote hizi. Februari 1975, abiria 196 wa ndege moja iliyopitia Anchorage kuelekea Copenhagen waliugua baada ya kula kimanda na nyama ya nguruwe. Mpishi mmoja alikuwa na vidonda vidoleni, na chakula kilikaa kwenye joto la chumba muda mrefu kabla ya kupozwa. Bakteria walikwisha kumwaga sumu, na sumu ile haivunjwi na joto la kupashia chakula. Hata trei safi kama ya hospitali isingewaokoa.

Kwa hiyo bajeti ikiwa ndogo, mimi ningeanza na glavu, plasta za rangi ya buluu ili ikidondoka ionekane, na jokofu la kupoza chakula haraka. Halafu mashine ya kuziba mifuniko, maana trei iliyotakaswa ikizibwa vibaya inaingiza hewa na kila kilichomo hewani. Sisi tulikuwa tunachukua chache kila zamu, tunatia maji yenye rangi ndani na kuzilaza kwenye karatasi nyeupe. Rangi ikivuja, mkanda unasimama, hata kama lori la uwanjani linapiga honi.

Na saa za taa ziandikwe. Daftari letu nililifungia kamba kwenye mashine, pamoja na kalamu yake. Kalamu ilidumu siku mbili.