Kichaka cha mtaani kwenu kitieni kwenye ramani kabla halijashuka lori la mchanga

Assalaam alaykum. Ndugu yangu mleta uzi, umeuliza kuhusu kichaka kilobaki bondeni kwenu huko Magharibi Unguja, watu washaanza kupima viwanja ndani yake na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, anakwambieni tu "ya serikali hiyo", sasa mfanye nini. Nakujibu kwa yalotukuta sie, maana na sie tulikuwa na bonde kama hilo, mwitu wa kiasi ya eka 12 hivi, juu mibungo na mizambarau, chini kwenye maji mitomondo, na usiku komba wanalia mpaka watoto wanaogopa kutoka uwani. Leo zimebaki eka 7. Hizo 5 zimekwenda kwa sababu tulichelewa, na sitaki mwengine achelewe kama sie.

Kosa letu lilikuwa kuliamini hilo neno la sheha. Tukijua ardhi yote Zanzibar ni ya umma, sheria ya ardhi ya 1992 ndo inavosema, mtu anapewa haki ya kuitumia tu, basi tukaona kama ya serikali si ishapata mwenyewe, nani ataigusa. Asubuhi moja limekuja lori limemwaga mchanga, jioni matofali, wiki ya pili msingi ushapanda. Na yule bwana hakuwa mwizi jamani, kanunua kwa jasho lake, ana karatasi na ina saini ya sheha, alomuuzia kadai pale palikuwa pa babu yake. Tukenda ofisi moja kulalamika, kijana wa pale kafungua ramani kwenye kompyuta, bonde letu lote jeupe. Akasema, "Hapa hapana kitu, mzee." Ami yangu aliumia sana siku ile, kamjibu vipi hapana kitu, na mie nimezaliwa pembeni yake nikala mabungo yake.

Lakini yule kijana ndo alotufumbua macho. Alitwambia msitu ambao haukuandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, mpimaji akifika anaona pahala patupu, na pahala patupu panagaiwa. Ndo jibu langu kwako hasa hilo, mengine yote yanafuata nyuma yake.

Maana mipango haikukosekana Zanzibar. Mji huu umechorewa mpango 1923, ukachorwa tena 1958, wakaja Wajerumani wa Mashariki 1968, wakaja Wachina 1982, na kila mara nyumba zikauacha mchoro nyuma. Tizama hesabu ya sensa, Mkoa wa Mjini Magharibi 2012 ulikuwa na watu 593,678, 2022 umefika 893,169, yaani karibu laki 3 wameongezeka kwa miaka 10 na wote wanataka pa kulala. Siwalaumu, hata mie nimejenga. Ila ukitizama msitu wa Masingini, pamoja na kuwa mji umeusogelea mpaka mlangoni, mwitu bado upo, kwa sababu ni hifadhi yenye mpaka wake na walinzi wake, ukikata mti mule kuna mtu wa kukuuliza. Kichaka chetu hakikuwa na mtu wa kuuliza.

Na tusidhani kichaka ni cha ndege na komba tu. Kisiwa chetu hichi ni mawe ya matumbawe, mvua ikinyesha inapenya chini, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, ndo hayo tunayoyavuta visimani. Pahala penye miti na majani makavu maji yanatua pole pole yanazama, pahala penye saruji na bati yanateleza yanakwenda kwa jirani. Tukifunika juu na huku tunavuta chini bila kiasi, chumvi inapanda. Wazee walilijua hili, Sultani Barghash, alotawala 1870 mpaka 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchem ya Bububu mpaka mjini, na vilima vyenye miti huko juu ndo vinavyolisha chemchem zile. Sie hapa masika ya kwanza baada ya zile eka 5 kujengwa, maji yaliingia nyumba nne za chini ambazo tangu zijengwe hazijawahi kuingia maji, mama mmoja mtu mzima tulimtoa mgongoni. Wanaokaa karibu na Mwanakwerekwe wanajua nnachokisema.

Sasa tulofanya. Kwanza tulizunguka bonde zima kwa miguu na simu, kijana mmoja wa mtaani ana programu ya kuchukua alama za mpaka, kila kona tukaandika, na tukachora mkondo wa maji unapopita masika, hicho usikisahau kwa sababu mtu wa mipango mji ukimwambia ndege atakusikiliza kwa adabu tu, ukimwambia njia ya maji atachukua kalamu. Makaburi ya zamani yaliyomo pia tuliyatia. Halafu barua, saini za watu 43, ikapita kwa sheha, nakala wilayani, nakala Mipango Miji, nakala Misitu, na kila nakala tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Hatukuandika "msitu ulindwe", tuliandika tunaomba eneo liandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama eneo la uoto wa asili na njia ya maji, lisigaiwe viwanja, na kamati ya shehia ndo iangalie. Imechukua miaka miwili na kidogo, nenda rudi, faili limepotea mara moja tukaanza kwa nakala zetu. Msikate tamaa hapo.

Sheria ya misitu Namba 10 ya 1996 inaruhusu jamii kuingia mkataba na serikali na kusimamia msitu wao, shehia zinazouzunguka msitu wa Jozani wanayo mikataba hiyo siku nyingi. Mie naona mjini nako ingefaa iletwe kwa vichaka vidogo vidogo, na sheha akatazwe kabisa kutia saini mauziano ndani ya eneo lilokwisha kuchorwa. Kwetu mlango ulikuwa huo wa saini, si kwa ubaya wa mtu, hana ramani mbele yake atajuaje?

Na mkishapata karatasi msilale, kazi ndo inaanza. Kichaka kisichokuwa na mtu ndani kinakuwa jaa. Sie tumefungua njia ya miguu katikati ili watoto wapite kwenda skuli, tangu watu wapite taka zimepungua kabisa, mtu haoni vizuri kumwaga taka mbele ya jirani. Kuni kavu za chini tumeruhusu, makaa tumekataa. Baadhi yetu walitaka tupande mivinje pale palipokatwa kwa vile inakuwa haraka, ami akakataa, kasema visiki msiving'oe, viacheni, na kweli vimechipua vyenyewe, sasa hivi vimenipita kimo. Mpakani tumepanda miembe na mikwaju ili mtu akitizama ajue hapa pana mwenyewe.

Hivyo nenda kesho na mapema kwa sheha wako, kwa upole, mchukue mzee mmoja anaelijua bonde, na muulize suali moja tu: kwenye mpango pameandikwa nini hapa? Na karatasi zenu msimwekee mtu mmoja nyumbani, mtu anahama au anafariki. Zetu ziko kwenye kabati la msikiti, seti nyengine kwa mwalimu mkuu wa skuli, na sheha mpya akija tunampelekea nakala siku hiyo hiyo anayoapa.