Jibu: Seva inaonekana ila folda haifunguki

Mkuu, umesema ukizima faiwoli (ukuta wa seva unaochuja mawasiliano ya mtandao), kompyuta za hapo ghalani Mtwara zinafungua folda ya Samba, programu ya seva ya kushirikishana mafaili, ukiiwasha zinagoma. Basi Samba yako haina kosa, usiiguse. Na usiiache faiwoli imezimwa eti msimu wa korosho umebana.

Samba inapita hasa poti (mlango wa mtandao wenye namba) 445 ya TCP; TCP na UDP ni njia mbili za kusafirisha data. 139 ya TCP, na 137 na 138 za UDP, ni za NetBIOS, mambo ya zamani ya kompyuta kutafutana kwa majina. Kwenye Ubuntu, faiwoli inaendeshwa kwa ufw; ili kuruhusu kompyuta za mtandao wako tu, andika:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

Hizo namba 192.168.1.0/24 weka za mtandao wako. Mimi huku Masasi nilinakili za mtu zilivyo, nikahangaika hadi adhuhuri nikilaumu waya, kumbe ruta yangu inagawa 192.168.0. Kisha angalia kwa sudo ufw status.

Usifungulie dunia nzima. WannaCry, programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, mwaka 2017 ilisambaa kwenye Windows kwa poti hiyo hiyo 445.

Na kama una kompyuta ya Linux unayoiunganisha kwa NFS toleo la 4, njia nyingine ya kushirikishana folda, ongeza poti 2049 ya TCP tu.