Barua kwa Mwanangu: Kikapu na Jiko

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma nikisubiri mbaazi ziive. Umeniuliza: "Mama, hadithi yangu imetawanyika. Nusu iko WhatsApp, nusu kwenye vikaratasi vya mkobani. Nitumie programu gani?" Nimecheka peke yangu, maana wewe ndiye uliyenifundisha hata kutuma picha.

Ila najua kwa nini umeuliza mimi. Unalikumbuka lile kaunta buku la bluu. Sura sita za hadithi ya mvuvi, halafu masika paa likavuja, wino ukatambaa kurasa zote. Nilichoweza kusoma ni majina ya watu tu.

Siku hizi natumia programu mbili, zote za bure. Google Keep ndiyo kikapu changu. Lolote linalonijia natupia humo: neno nililolidaka stendi, jina la mhusika, yule mama aliyefungua pindo la khanga kwa meno ili atoe nauli. Kila hadithi naipa lebo yake, basi. Kuna na rangi, na jioni moja nzima iliniishia nikipaka njano huku, kijani kule, mstari wa hadithi sikuandika hata mmoja. Rangi achana nazo.

Jiko ni Google Docs. Hadithi moja, faili moja. Ukifungua faili kwa kila sura utakuja kujitafuta humo. Jina la sura lipe mtindo wa kichwa, usikoleze wino tu, ndipo sura zote zitakapojipanga pembeni, ukigusa moja unafika. Mimi chini ya kila kichwa natanguliza mstari wa kitakachotokea: "Mzee anarudi na jahazi, hakuna wa kumpokea." Sura ikikamilika naufuta.

Ninachokipenda kuliko vyote ni historia ya matoleo, yaani Docs inakutunzia faili lilivyokuwa kabla hujalibadilisha. Mwezi uliopita nilikata ukurasa mzima wa mazishi, siku ya tatu nikajuta. Nikaenda kwenye kompyuta, menyu ya faili, nikaukuta umekaa vilevile nilivyouacha. Sikuurudisha wote. Nilinakili sentensi mbili tu, za mjane anayehesabu viti vya kuazima wakati watu wanalia. Kumbe zile nyingine zilistahili kukatwa! Tangu hapo nakata bila huruma. Ila nota za Keep usizifute ovyo, pipa lake linazishika siku 7 tu.

Kwenye kibodi ya simu ongeza Kiswahili. Yangu ilikuwa ikiling'ang'ania neno "paka" na kuandika "park", paka wa Bi Tausi akageuka bustani. Kuandika kwa sauti nako kupo, nakutumia mikono ikiwa na unga, japo nukta na koma naziweka mwenyewe baadaye, na nikichomeka neno la Kibondei linaniandikia maajabu.

Bando lisikutishe. Kabla hujapanda basi, iambie Docs faili hilo lipatikane bila mtandao, uandike njiani, litajipeleka lenyewe ukipata intaneti. Na kwa kuwa hadithi itakuwa kwenye akaunti, simu ikiibiwa haitaondoka nayo. Hakikisha tu namba ya kurejeshea akaunti ni laini unayoitumia sasa, si ile ya chuoni uliyoitupa.

Vile vikaratasi usivipige picha. Vinakili kwa vidole, kimoja kimoja. Ukivipiga picha vitalala humo kama vinavyolala mkobani, lakini ukivinakili utajikuta umebadilisha neno hapa, umeongeza jingine pale, na hapo tayari unaandika. Usisubiri uvipange vyote kwanza. Anza na kile cha msichana na ndoo iliyotoboka ulichonisomea Idi iliyopita, hicho bado kinanisumbua. Nani aliitoboa?

Faili likiwa tayari, nishirikishe. Ila nipe ruhusa ya kutoa maoni tu, ya kuhariri usinipe. Najijua, nitaanza kuhamisha koma zako usiku usiku.

Mbaazi zinaungua, naenda.

Mama yako