Mavyaa Hajakunyang'anya Mtoto

Msomaji wetu ameandika: "Shangazi, kwetu Morogoro, nimeolewa Unguja mwaka wa tisa. Binti yangu ana miaka minane. Akirudi chuoni kusoma Kurani, mavyaa humkalisha mkekani uani kumfundisha kushona kofia mpaka magharibi. Vidole vyake vimejaa alama za sindano. Mume wangu yuko kimya, maana hata kofia niliyomnunulia havai, ila ya mama yake. Nataka tuhame."

Pole kwa vidole vya mtoto. Mnunulie subana ya kuvaa kidoleni, hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye lile uliloliandika mwisho kabisa wa barua, kama mtu anayepita njia. Kofia ambayo mavyaa alimshonea mwanawe kwa miezi minne, wewe "kwa bahati mbaya" uliiroweka kwenye dawa ya kung'arishia mashuka, uzi wa kahawia ukachuja. Mwanangu, mwanamke aliyekaa Unguja miaka tisa anajua kwamba kofia ya viua, yaani vitobo vilivyozungushiwa uzi, hufuliwa kwa mkono, ikatiwa wanga, ikavishwa faroma, kifaa chenye umbo la kichwa, ikaukie hapo isipoteze umbo. Ulijua. Na yeye, kwa maneno yako mwenyewe, aliitazama, akaikunja, akanyamaza. Huyo ndiye mkali?

Kikulacho ki nguoni mwako, nacho ni wivu.

Umewahi kukishika kiua kimoja ukakitazama? Kitambaa hutobolewa kwa sindano, kisha ukingo wa kitobo ukazungushiwa uzi, pindo kwa pindo, kisizibe. Kisha kingine, na kingine, mamia kwa mamia, kwenye ukanda wa pembeni na duara la juu. Ndiyo maana kichwa hupata hewa hata jua la mchana. Zamani mchumba alikuwa akimshonea mwenziwe kofia kabla ya harusi. Mavyaa alifunzwa na mamaye, na mamaye na mamaye. Umeliandika hilo kwa kejeli, mimi nimelisoma kwa heshima. Jamaa zenu wa Maskati, ambako kofia kama hii huitwa kumma, wanaagiza kwake. Ada ya mtoto ililipwa na sindano hiyo. Hilo nalo umelitaja kwa mstari mmoja tu.

Ndoa za siku hizi! Mnataka mume aliyelelewa vizuri, lakini aliyemlea hamtaki kumwona. Kila neno mnahama. Mtahama mara ngapi? Na umesema mwenyewe kwamba mtoto hukimbilia mkekani bila kuitwa.

Leo alasiri kaa upande wa pili wa binti yako. Chukua ile kofia iliyochuja, mwambie mavyaa ukweli kwamba uliiharibu kusudi, umwombe radhi, kisha umwombe sindano. Viua vyako vya kwanza vitakuwa vikubwa, tena vimepinda. Usiku ukilala atavifumua avishone upya. Asubuhi usimwoneshe kuwa umejua.