Rimoti Ina Mdomo, Haina Sikio

Jana msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimekuta begi halimo kwenye gari. Kioo kizima, kitasa hakina hata mkwaruzo. Nimerogwa?"

Hujarogwa, mdogo wangu. Yamekukuta yaliyonikuta mimi Kariakoo mwaka juzi.

Nilikuwa nimechelewa kuonana na mteja wa maana. Nikaegesha, nikaondoka mbiombio, nikabonyeza rimoti bila kugeuka. Kitaa chake chekundu kikawaka, nikaridhika. Niliporudi, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe mkononi. Laptopu haikuwepo, na ndani yake kazi ya miezi mitano. Kituoni nikaulizwa kama nina uhakika nilifunga. Nyumbani, swali lilelile. Swali hilo liliniuma kuliko hata laptopu.

Fundi wa umeme wa magari ndiye aliyenifumbua macho. Aliifungua rimoti mbele yangu: betri bapa ya volti 3, CR2032, vitufe viwili, na kibao cha saketi kisichozidi ukucha wa dole gumba. Ukibonyeza, inarusha mawimbi ya redio, megahezi 315 kwa magari mengi ya Japani, 433.92 kwa ya Ulaya. Mawimbi hayo yanabeba utambulisho wa rimoti, amri ya kufunga au kufungua, na namba ya siri inayobadilika kila ubonyezapo. Gari nalo linapiga hesabu yake. Namba zikikubaliana, mota zinavuta loki. Kwa hiyo mwizi akiinasa namba ambayo gari limeshaipokea, haimfai kitu.

Njia yake ni nyepesi zaidi. Anasimama jirani, ameshika kifaa kinachojaza kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya rimoti. Rimoti imesema, gari halijasikia, na rimoti nyingi hazina uwezo wa kupokea jibu. Kile kitaa chekundu nilichokiamini kinaonyesha tu kwamba rimoti imesema!

Sasa nisikilize, wewe unayetembea na riziki yako yote kwenye begi moja. Funga huku unalitazama gari. Subiri indiketa ziwake, usikie loki zikigonga. Kisha vuta kitasa. Narudia, vuta kitasa, hata kama mteja anapiga simu, hata kama mvua inakunyeshea. Tunajinyima miaka kununua magari haya, halafu sekunde mbili zinatushinda? Rimoti ikigoma, tumia ufunguo. Na usiache begi kwenye siti.

Jumamosi iliyopita niliegesha mtaa uleule. Nikabonyeza, indiketa kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Betri nilikuwa nimeiweka wiki hiyohiyo. Nikainua macho, kijana aliyeegemea pikipiki ng'ambo ya barabara akageuza uso. Nikachomeka ufunguo mlangoni, nikazungusha, nikazunguka gari zima nikivuta kitasa kimoja kimoja. Nilipomaliza cha nne, pikipiki ilikuwa imeshaondoka.