Gari la AWD limezima njiani: livutwe vipi, na je, tairi moja jipya linatosha?

Swali: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni AWD (injini husukuma magurudumu yote manne) la otomatiki. Limezima njiani, na tairi la nyuma kulia limechanika ubavuni. Gari la kukokota lililokuja linainua magurudumu ya mbele tu. Dereva wake akasema nikiweka nyutro hakuna shida, ndivyo anavyovuta magari yote. Nikakataa, na gari bado lipo pale pale. Je, nimekosea? Na nikinunua tairi moja tu wakati mengine yamebaki nusu ya kashata (mikato ya tairi inayoshika barabara), kuna madhara?

Jibu: Hukukosea hata kidogo. Umeliokoa gari lako.

Nyutro hukata nguvu ya injini isifike kwenye magurudumu. Haitenganishi magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwenye AWD pande hizo mbili zimeunganishwa kwa propela (mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari), na kati yake kuna difu ya kati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti) au klachi za sahani nyingi. Kazi ya kifaa hicho ni kumudu tofauti ndogo, kama ile inayotokea unapokata kona. Sasa ya mbele yakining'inia bila kuzunguka na ya nyuma yakakimbia barabarani, tofauti ni kubwa na haikomi hadi mfike. Klachi husuguana, mafuta huchemka. Kwenye aina inayotumia mafuta mazito ya silikoni, joto huifanya ikaze, na magurudumu ya mbele hulazimishwa kuzunguka yakiwa juu ya mkono wa kukokotea. Gari linaweza kuchomoka hapo na kumgonga mtu. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, maana giaboksi ikiharibika hununuliwa nyingine, mtu hapana.

Basi liburutwe kwa kamba, yote manne yakiwa chini? Kwa otomatiki sishauri. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizima, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Breki na usukani navyo huwa vizito. Vitabu vya baadhi ya magari huruhusu umbali mfupi kwa mwendo mdogo, na vingine hukataza kabisa. Fuata cha gari lako, si mazoea ya dereva.

Agiza lori linalobeba gari zima mgongoni. Mita chache za kupandishwa kwa winchi, gari likiwa nyutro, hazina tatizo. Waombe wafunge mikanda kwenye matairi yenyewe. Lori likikosekana kabisa, ya mbele yainuliwe na ya nyuma yawekwe juu ya kitoroli chenye magurudumu yake, lisibaki hata moja linalogusa lami. Utasikia pia ushauri wa kufungua propela. Kwenye baadhi ya magari mafuta ya giaboksi humwagika ukiichomoa, kwa hiyo usikubali ifunguliwe kando ya barabara.

Kabla ya kupiga jeki ubadilishe tairi, sikiliza hili. Kwenye gari lenye difu ya kati isiyojifunga, ukiinua gurudumu moja tu, P (gia ya kuegesha) haishiki tena, kwa sababu mzunguko wote unapata njia ya kutokea pale hewani. Vuta hendibreki, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Na usiwashe injini ukaingiza gia gurudumu likiwa juu, hata kwa kujaribu tu: yaliyo chini yanapata nguvu na gari linaruka jeki.

Sasa hilo tairi moja. Tuseme jipya lina kashata ya milimita 8 na mengine yamebaki na 4. Jipya linakuwa na mzingo mrefu zaidi kwa takriban milimita 25. Kwa tairi la saizi 205/55 R16, lile lililolika litazunguka mara 6 hivi zaidi katika kila kilomita. Ukisafiri kilomita 100, ni zaidi ya mizunguko 600 ambayo difu za gari zinalazimika kuimeza, na gari linakwenda moja kwa moja! Kwa hali yako, nunua manne ya saizi na aina moja. Jipya moja linaingia tu pale mengine yakiwa bado karibu mapya, na kiasi cha tofauti kinachoruhusiwa kipo kwenye kitabu cha gari. Baada ya hapo yahamishwe kati ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike sawasawa, na upepo upimwe asubuhi yakiwa baridi. Tairi lenye upepo pungufu nalo hupungua kimo.

Ukifunga tairi dogo la akiba kwa muda, nenda polepole hadi gereji ya karibu na si zaidi. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe kwa kukingamana, si kwa kufuatana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.